Wadudu wa mtoni hawahitaji dira

Mwaka 1954 Karl Müller, aliyechunguza vijito vya kaskazini mwa Sweden, aliibua swali ambalo bado linawagawa wataalamu wa mito. Wadudu wachanga wanaoishi kwenye mawe ya mtoni hung'oka na kuchukuliwa na maji, hasa usiku, na maji hayana njia ila kushuka. Kwa nini basi sehemu za karibu na chanzo hazibaki tupu?

Müller alijibu kwa mabawa. Wakishakomaa, alisema, wadudu huruka kuelekea juu kabla ya kutaga, na hivyo hasara ya mkondo hufidiwa. Ushahidi upo. Mwaka 1993 Anne Hershey na wenzake walichapisha matokeo ya Mto Kuparuk huko Alaska, ambako nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni inayoweza kufuatiliwa mwilini, ilitiwa majini ili wadudu wa sehemu hiyo wajulikane. Ilikadiriwa kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya Baetis, aina ya wadudu hao wa mtoni, waliokomaa walikuwa wameruka kuelekea juu, zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna sababu ya kuyatilia shaka matokeo hayo.

Lakini wadudu kuruka ni jambo moja, na kuruka kuwa sharti la kubaki kwao ni jambo jingine. Upande wa pili, wenye wanahisabati wengi zaidi, unasema kwamba ukoo unaweza kudumu karibu na chanzo bila mdudu hata mmoja anayejua juu ni wapi. Dai hili hupuuzwa upesi, kwa kuwa kiumbe anayetangatanga ovyo ndani ya mkondo mwishowe huchukuliwa tu. Kwa mdudu mmoja ni kweli. Kwa ukoo unaozaa, hesabu inabadilika kabisa, na inafaa tuifuate hadi mwisho.

Tuuchukue mto kama mstari wa mawe. Katika kila kizazi mdudu husogea jiwe moja: uwezekano wa kushuka ni 0.8, wa kupanda ni 0.2. Kisha huacha watoto 1.3 kwa wastani, na kila mtoto huanza safari yake mwenyewe. Wanahisabati huyaita haya matembezi nasibu yenye matawi. Baada ya vizazi 100, mzawa wa kawaida yuko mawe 60 chini ya alipoanzia babu yake. Uwezekano kwamba mzawa fulani yuko kwenye jiwe lile lile la babu ni kama mmoja katika bilioni 62. Hapo wengi hufunga daftari. Ila 1.3 kwa kipeo cha 100 ni karibu bilioni 248, na hiyo ndiyo idadi ya wazao inayotarajiwa. Zidisha: kwa wastani, wanne wako nyumbani.

Hao wanne ndio kiini cha hoja nzima. Kila mmoja wao yuko pale pale alipoanzia babu, kwa hiyo anaweza kuhesabiwa kama mwanzilishi mpya, na baada ya vizazi 100 vingine naye anatarajiwa kuwa na wanne nyumbani. Tukiwahesabu waliorudi peke yao na kuwasahau wengine wote, tunapata mchakato ule ule ambao Waingereza Francis Galton na Henry Watson waliuandikia mwaka 1874 walipochunguza kutoweka kwa majina ya koo. Wastani ukizidi mmoja, upo uwezekano wa kutokufa kamwe. Babu anaweza kweli kufa bila mtoto, na bahati mbaya ya mwanzo haiondolewi na hesabu yoyote. Hata hivyo, kubaki nyumbani kunawezekana, na hakuna aliyelenga kurudi.

Sasa tupunguze watoto kutoka 1.3 hadi 1.2. Baada ya vizazi 100 ukoo unatarajiwa kuwa na wazao milioni 83, na kwenye jiwe la babu idadi inayotarajiwa ni kama 0.0013. Ukoo unaweza kustawi milele, lakini jiwe lolote utakalolichagua litatembelewa mara chache kisha liachwe moja kwa moja. Mpaka uko kwenye watoto 1.25, yaani moja gawanya kwa 0.8. (Hii 0.8 ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 0.8 × 0.2, kufanana kwake na uwezekano wa kushuka ni sadfa ya tarakimu nilizochagua.) Kwa hiyo anayetazama jumla ya idadi peke yake anaweza kuona neema mahali ambapo chanzo cha mto kinakauka wadudu.

Itapingwa kwamba hakuna mto unaobeba mabilioni hayo. Ni sahihi, lakini msongamano hauivunji hoja. Bradley Anholt alionyesha mwaka 1995 kwamba unaisaidia: wachache wanaobaki juu wana chakula na nafasi, na hao ndio wanaozaa vizuri. Ile 1.3 isomwe kama uzazi wa mahali pasipo na msongamano.

Mwaka 2001 Douglas Speirs na William Gurney walipata sharti la namna hiyo kwa mito mirefu: kasi ya mkondo iwe chini ya mara mbili ya kipeuo cha pili cha kasi ya kuzaana ikizidishwa kwa kiwango cha kutawanyika. Ni fomula ile ile ambayo wanasayansi Fisher, na Kolmogorov pamoja na Petrovsky na Piskunov, waliipata mwaka 1937 kwa kasi ya wimbi la kuenea kwa jeni. Anayeweza kuenea katika maji tulivu kwa kasi inayouzidi mkondo, habanduliwi. Na mkondo unaohesabiwa hapa si kasi ya maji yenyewe, kwa sababu mdudu hukaa muda mwingi ameshikilia jiwe. Humphries na Ruxton waliandika mwaka 2002 kwamba kutambaa kidogo tu kwenye sakafu ya mto kunaweza kutosha.

Wadudu wa Kuparuk hawayapingi haya, kwani kuruka kwao huongeza nafasi ya ukoo kubaki juu. Anayetaka kuthibitisha kwamba kuruka ni lazima ana kazi ngumu zaidi: apime kuzaana, kutawanyika na mkondo, kisha aonyeshe mto ambako, bila mabawa, sharti la 2001 halitimii na wadudu bado wapo kwenye chanzo.