Maiki ilivyomeza "si" yangu nikajikuta nimeahidi milioni

Jamani nianze kwa kusema mimi sio bahili. Wife atawaambia vingine ila wife hayupo hapa.

Mwaka juzi binti wa dada yangu kule Tanga alipata mchumba. Mimi naishi Tabata, na mnajua mjomba kwenye harusi sio mtu wa kuja kula pilau tu akaondoka, kuna mambo hayaendi mpaka mjomba aseme neno, na siku hizi neno lenyewe ni tarakimu. Ukoo wetu umetawanyika, wapo Tanga, wapo Dar, wapo Mombasa, kuna shangazi yuko Muscat miaka na miaka, kuna kijana wetu kazaliwa Uingereza. Zamani kikao cha harusi mnakaa uani kwa mtu mnakunywa soda mnagombana vizuri kabisa. Sasa hivi ni vidio. Tulianza na WhatsApp, ile inabeba watu 32 mwisho, na siku ya kwanza tu aliyekosa nafasi alikuwa baba mdogo, akanuna wiki nzima eti katengwa na ukoo. Ndio tukahamia Zoom, ile ya bure, ikifika dakika 40 inawatoa wote mnaanza kuulizana upya linki iko wapi.

Kikao kikapangwa saa mbili usiku. Yule kijana wa Uingereza Kiswahili chake cha kuokoteza, kaona "saa mbili usiku" kaenda na saa mbili ya Kizungu, kaweka alamu kaamka usiku wa manane kaingia anaambiwa subiri mwenyeji wa kikao, akasubiri weee. Asubuhi akaandika kwenye grupu "Habari za kikao?" Tulimhurumia ila tulicheka kwanza.

Turudi kwangu. Mimi siku ile nilikuwa nimejiandaa vizuri, nimenunua hedifoni mpya za Bluetooth Kariakoo, elfu kumi na tano, muuzaji kaniapia wallahi hizi ndio zile zile za laki mbili ila hazina boksi. Wife alikuwa Kibaha kwa mama yake, yeye angeingilia huko huko. Mimi nyumbani na dogo, darasa la pili, yuko mezani anapaka rangi ramani ya Tanzania. Feni inazunguka kwa sababu Dar ni Dar.

Kikao kikaanza kama vinavyoanza vyote. Haloo. Haloo. Mnanisikia? Tunakusikia, wewe unatusikia? Haloo. Dakika kumi zimeisha hivyo. Mama yangu kaishika simu tunaona kipaji cha uso na pangaboi la darini. Baba mdogo ndio kabisa, kaweka simu sikioni kama anavyopokea simu siku zote, kwa hiyo kwenye skrini yangu kuna kiboksi kimoja ni sikio. Sikio zima, na nywele zake. Mwenyekiti anamwambia "baba mdogo, tunaona sikio", sikio linajibu "nakusikia vizuri endelea".

Mwenyekiti wetu ni kaka mkubwa upande wa shemeji, mstaafu, anapenda kikao kuliko harusi yenyewe. Akasoma bajeti. Ukumbi, mapambo, chakula cha watu mia tatu, kichen pati, gari la maharusi. Halafu akasema hivi, kwa heshima na taadhima, upande wa wajomba tunapendekeza kila mjomba asimame na milioni moja. Akanitaja mimi wa kwanza.

Mimi bajeti yangu ilikuwa laki mbili. Na hiyo laki mbili nilishaipigia hesabu mpaka inalia. Sasa ninapokuwa kwenye kikao huwa najimyuti, mtu mstaarabu, nisije nikawapigia kelele za feni. Nikabonyeza maiki, na huku nabonyeza huku nasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyeamua:

"Sitatoa milioni moja, mwenyekiti."

Kimya sekunde mbili. Halafu ikaja kelele sijawahi kuisikia kwenye masikio yangu. Vigelegele. Shangazi wa Muscat anapiga vigelegele, dada analia, mtu wa Mombasa anasema "mjomba wa shoka huyo!" Mimi nikawa najiuliza, hawa watu wa aina gani, mtu anakataa wanashangilia, au ndio wanafurahia nimekuwa mkweli?

Nikaendelea "ntatoa laki mbili tu, hali sio nzuri", wapi, watu ishirini wameshafungua maiki kila mtu anaongea, laki mbili yangu ilizama hapo hapo. Na netiweki ikaganda. Nilikuja kuoneshwa baadaye picha yangu ilivyogandia, mkono juu mdomo wazi meno yote nje, yani sura ya mtu ambaye milioni moja kwake ni chenji.

Sauti ikarudi vipande vipande. Namsikia mwenyekiti: "Kwa hiyo mjomba... hutoi..."

Nikashukuru Mungu. Nikasema huyu mzee kaelewa, ananiuliza kwa hiyo hutoi, anahakikisha. Nikajibu kwa nguvu, "Ndiyo mwenyekiti! Ndiyo, sitoi! Na hapo msimamo wangu haubadiliki!"

Kumbe mzee kauliza "kwa hiyo mjomba hutoi pungufu ya hapo?"

Vigelegele awamu ya pili. Dakika 40 zikaisha, Zoom ikatutoa wote. Mimi nimebaki nakodolea simu. Dogo kaacha kupaka rangi ananiangalia.

Sijakaa sawa, meseji ya wife kutoka Kibaha. Neno moja. "Simtanki?"

Hapa lazima niwaeleze. Siku mbili kabla wife aliomba tununue simtanki maana maji Tabata yanakuja yakijisikia, nikamwambia mke wangu kipenzi, hela haipo, mfukoni kuna upepo. Sasa kanisikia kwa masikio yake naahidi milioni na msimamo haubadiliki. Nampigia hapokei. Nafungua grupu, mweka hazina kashaweka orodha, jina langu namba moja, 1,000,000, na maua matatu. Chini yake sauti ya mama yangu, dakika nne, analia anaombea mpaka wajukuu ambao hawajazaliwa. Nyie mnaweza kumpigia mama aliyelia dakika nne ukamwambia mama ilikuwa mtandao? Mimi nilishindwa.

Kesho yake nikamtafuta mpwa wangu mmoja fundi wa kompyuta nimuulize nini kilitokea. Akaniambia mjomba, hedifoni za bei hiyo ukikaa kimya muda mrefu zinasinzia, ukianza kuongea ndio zinaamka. Na programu yenyewe inachuja kelele, ina feni masikioni, mpaka ije kujua kwamba hii sasa ni sauti ya binadamu, mwanzo wa neno ushapita. Na juu ya hapo ulikuwa unabonyeza huku unaongea. Kwa hiyo mjomba, kilicholiwa ni kile cha mwanzo tu. Kidogo sana.

Kidogo sana! Nikamwambia mwanangu wewe umesoma kompyuta ila Kiswahili hujakiangalia. Kukataa kwetu kote tumekupanga mlangoni. Sitatoa, hatuji, hawezi, sina. Mzungu kukataa kwake kunakaa katikati ya sentensi, ukimkata mwanzo bado anakataa. Sisi ukitukata mwanzo tumekubali. "Sitatoa" ikiondoka "si" inabaki "tatoa", na Mtanzania gani anasema "nitatoa" yote kwa kirefu? Wote tunasema ntatoa. Nilikata rufaa kwenye ukoo kwa hoja hiyo, kwa maandishi, aya tatu nimezipanga vizuri. Shangazi wa Muscat akajibu na rekodi. Kumbe alirekodi kikao chote kwenye simu yake. Tukasikiliza. "...tatoa milioni moja, mwenyekiti." Safi kabisa. Halafu "...sitoi, na hapo msimamo wangu haubadiliki." Sauti ni yangu. Hata mimi ningejifunga.

Basi nikaomba kikao cha dharura, nikasema ninaye shahidi. Dogo alikuwepo chumbani, alinisikia bila mtandao. Mwenyekiti akakubali, mtoto hasemi uongo. Jumapili tukaingia, nimemkalisha dogo mbele ya simu, nimempiga brashi nywele, na hedifoni nimemvika zile zile, sikio moja inaanguka anairudisha. Nikamwambia useme ulichosikia, usiongeze usipunguze.

Mwenyekiti: "Haya mwanangu, baba yako alisema nini siku ile?"

Dogo kimya kidogo, anafikiria. Hedifoni nazo zikasinzia. Halafu:

"Sitatoa milioni moja."

Nikaona kwenye skrini watu wanatikisa vichwa kukubali, shangazi anasema "si mnasikia? Mtoto kathibitisha." Nikataka kuingilia, dogo akaninyooshea kiganja, hajamaliza. Na sasa hedifoni zishaamka, na netiweki ghafla safi kama maji ya chupa, na mwanangu akaongeza, neno kwa neno, herufi kwa herufi, yale niliyoyasema kikao kilipokatika nikidhani niko na kuta tu: "Akasema pia harusi gani hii ya mbwembwe, kwani wanamuoza malkia, na yule mwenyekiti anapenda vikao kama nzi anavyopenda embe."

Kimya. Sikio la baba mdogo likasogea karibu na simu. Mama yangu kwa mara ya kwanza tukamuona uso mzima, na haukuwa uso wa kuombea wajukuu. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Niliwaambia natoa milioni. Niliitamka polepole, na nikaiandika kwenye chati, na nikatuma sauti, isije ikaliwa. Nilitoa kwa awamu tatu, ya mwisho nimeikopa vikoba vya wife mwenyewe, na riba yake nalipa kama mwanachama wa kawaida, hakuna cha mume. Simtanki alijinunulia yeye.

Harusi ilikuja kuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikakalishwa meza ya mbele. Katikati ya sherehe MC akasimama, akanitaja, eti mjomba kinara wa michango, apewe maiki awasalimie watu. Nikainuka shingo upande. Kile kipaza sauti kina swichi ubavuni, nikaisukuma huku nasema, maana nilitaka yaishe haraka nikae:

"Sina la kusema, ahsanteni."

Kwenye maspika ya ukumbi ikatoka "...na la kusema, ahsanteni."

MC akadaka maiki yake. "Mjomba ana la kusema! DJ, kata mziki."

Nikamwangalia wife, kashika kipaji cha uso kwa mikono miwili. Mziki ukakatwa, na watu mia tatu wakaweka vijiko chini wakanigeukia.