Historia ya Malindi haiishii Mto Sabaki

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, akaelezwa habari za baharia huyo Mreno kufika hapa 1498, akapiga picha, akarudi hotelini. Sina ugomvi na nguzo ile. Lakini ukivuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, unaingia upande ambao waongoza watalii hawaugusi: Gongoni, Ngomeni, Marereni, Kurawa. Huko ndiko kwenye viwanda vyetu, na kwangu mimi ndiko historia ya Malindi ingali inapumua.

Chumvi nyingi inayotiwa vyunguni Kenya hutoka hapo. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana ya kina kifupi, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, hata chumvi ikaganda chini, ikakwanguliwa na kurundikwa. Jua na upepo hufanya sehemu yao. Iliyobaki ni migongo ya vibarua. Na ardhi ile haikuwa tupu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza wananchi hadharani, na ripoti yake ya 2006 ikaandika malalamiko yao: kuondolewa mashambani, mikoko kuharibiwa, ujira duni. Ripoti hiyo ni sehemu ya historia ya mahali kama lilivyo kaburi lolote la kale.

Kisha tazama baharini, Ngomeni. Majukwaa ya chuma ya San Marco yaliletwa na Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kutambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki. Haya yalitokea mbele ya macho ya wavuvi wetu, na watoto wangapi wa shule za Malindi wamewahi kupelekwa wakayaone majukwaa yale, hata kwa mbali?

Nataka jumba la kumbukumbu lijengwe Gongoni, si mjini. Ndani yake chumvi na roketi vikae pamoja, na ripoti ile isomeke ukutani kwa Kiswahili na Kigiriama. Waliokwangua chumvi wahojiwe sasa, wangali hai, na walipwe kwa muda wao. Waongoza wageni watoke vijiji hivyohivyo.