Winga wa Mtandaoni Ndiye Anayelipia Uongo wa Duka

Mtu aliyewahi kununua simu Kariakoo, hasa katika maduka ya Mtaa wa Aggrey, anamjua winga hata kama hakutambua kwamba ndiye aliyemhudumia. Ni yule kijana anayekudaka kabla hujamaliza kuvuka barabara, akakuuliza unatafuta nini, akakupeleka kwenye duka ambalo si lake, akasimama pembeni wakati unahesabu fedha, na ukishaondoka akarudi kwa mwenye duka kuchukua cha juu chake. Kazi ninayoifanya kwa mwaka wa nne sasa, ambayo wenzangu wanaiita afilieti, ni hiyo hiyo, isipokuwa kwamba barabara imekuwa skrini ya simu na winga amekuwa kiungo, yaani linki, chenye namba yake ya utambulisho mwishoni. Amazon ilipoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996, ikiwalipa wenye tovuti kwa kila mnunuzi waliyemleta, haikubuni jambo ambalo dalali yeyote wa Pwani angeshangaa kulisikia.

Tofauti kubwa ni kwamba winga wa Kariakoo halipii barabara. Mimi ninalipia tangazo kwanza, kwa kadi yangu, ndipo nisubiri kuona kama kamisheni itarudi, na kati yangu na mteja amekaa mkaguzi wa mtandao wa kijamii nisiyemwona, ambaye anaweza kulikataa tangazo au kuifunga akaunti nzima. Katika makundi ya WhatsApp ya watu wa kazi hii, karibu kila wiki kuna mtu anayelalamika kwamba mtandao unatuonea sisi Waafrika. Nimewahi kulalamika hivyo mimi mwenyewe, na bado naamini mitandao ina makosa yake, lakini nimefikia mahali pa kusema kwamba kwa sehemu kubwa tunamlaumu mkaguzi kwa kosa la mwenye duka.

Tunadhani kinachokaguliwa ni tangazo, yaani picha na maneno tuliyoyaandika. Meta, yenye Facebook na Instagram, imeeleza wazi katika sera zake kwamba ukaguzi unatazama picha, maneno, watu unaowalenga, na pia ukurasa ambao kiungo kinampeleka mteja. Kazi hiyo hufanywa zaidi na mashine, mara nyingi humalizika ndani ya saa 24, na inaweza kurudiwa hata baada ya tangazo kuanza kuonekana. Maana yake ni kwamba tangazo lililopita Jumatatu linaweza kuanguka Alhamisi bila wewe kugusa herufi hata moja, kwa sababu tu mwenye bidhaa ameamka na wazo jipya akabadilisha ukurasa wake usiku.

Mimi nililijifunza hilo kwa chai. Kampuni moja ilikuwa inauza boksi la chai ya kupunguza kitambi kwa shilingi 45,000, na winga alipata 12,000 kwa kila boksi. Niliweka shilingi 10,000 kwa siku kwenye mtandao mmoja mkubwa, nikaandika kichwa ambacho nilikiona kitamu sana: "Je, umechoka na kitambi chako?" Kilikataliwa kabla sijamaliza kunywa chai yangu mwenyewe, isiyo ya kupunguza chochote. Nikabadilisha picha nikairudisha, ikakataliwa tena. Nikabadilisha rangi ya maandishi, jambo ambalo nikilikumbuka leo naona aibu, kwa sababu kosa halikuwa kwenye rangi. Lilikuwa kwenye herufi moja, ile "u" iliyo mwanzoni mwa "umechoka", pamoja na "chako" inayoifuata.

Mitandao mikubwa haipendi tangazo linalodai au kudokeza kwamba linamjua msomaji: kwamba ana ugonjwa fulani, ana madeni, ni wa dini fulani, au ana mwili wa namna fulani. Hoja yao inaeleweka, kwani mtu anayekutana na maneno "una kisukari" katikati ya picha za harusi ya binamu yake atajiuliza nani amewapa siri yake. Lakini ukiuza kwa Kiswahili, sheria hiyo inakukata ulimi. Wauzaji wetu wote, kuanzia mama wa vitumbua hadi mpiga debe wa stendi, huita kwa nafsi ya pili. Mteja husemeshwa, huulizwa, hutaniwa: mbona unapita tu, dada, hujaniungisha leo? Nikitoa ile "u" na ile "chako", ninabaki na sentensi ya karatasi ya dawa. Ilinichukua siku mbili kupata maneno yaliyopita: "Chai ya mchaichai na tangawizi, hunywewa asubuhi kabla ya chakula." Hayana utamu wa yale ya kwanza, ila nitakiri kwamba yalikuwa ya kweli kuliko yale.

Tangazo likakimbia siku sita na nikauza maboksi kumi na moja. Siku ya saba nikakuta akaunti yangu ya matangazo imefungwa. Nilipofungua kiungo changu kama mteja wa kawaida, kwa simu ya mdogo wangu, nikakuta ukurasa wa kampuni umebadilika: juu kulikuwa na picha mbili za tumbo la mwanamke, kabla na baada, chini kulikuwa na ahadi ya kilo kumi kwa wiki mbili, na pembeni saa nyekundu ikihesabu kwamba ofa imebakiza dakika 14. Niliufunga ukurasa nikaufungua upya, na zile dakika 14 zikaanza tena kutoka mwanzo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kampuni ile haikupoteza kitu. Ilihamishia ukurasa kwenye anwani nyingine ya intaneti na ikaendelea kugawa viungo kwa mawinga wengine, wakati akaunti iliyofungwa ilikuwa na jina langu, kadi yangu, na historia ya miaka miwili ya matangazo yasiyo na doa. Kule Aggrey simu ikiwa feki mteja anarudi na kelele zake, na duka, pamoja na meza zake na leseni iliyobandikwa ukutani, haliwezi kuhama usiku mmoja. Mtandaoni anayeweza kuhama ni duka, na anayebaki amesimama barabarani ni winga. Kwa hiyo sheria za ukaguzi, hata zikitumika kwa ukali namna gani, haziwezi kutulinda kama hatujui tunampeleka mteja kwa nani.

Kuna watu wanaouza dawa ya tatizo hili, na wengine wanatoza fedha nyingi kwa mafunzo ya wikiendi moja. Wanafundisha kiini macho: mkaguzi wa mtandao akifuata kiungo anaonyeshwa ukurasa safi wa mapishi, na mteja wa kweli akifuata kiungo hicho hicho anaonyeshwa ukurasa wa miujiza. Facebook ilitangaza vita dhidi ya ujanja huo mwezi Agosti 2017, na mwaka 2020 ikamfungulia kesi nchini Marekani mtu aliyekuwa akiuza programu ya kufanyia ujanja huo. Wanaotetea mbinu hii husema kwamba kila mtu anafanya. Mimi naiona kuwa ndiyo siku ambayo winga anaacha kuwa winga, kwa sababu hawezi tena kusema hakujua duka linauza nini. Ameficha yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Nisiwaachie mitandao bila kuwagusa. Taarifa ya kukataliwa huja na sentensi moja ya jumla ambayo ingeweza kuandikiwa muuza viatu au muuza bunduki, na rufaa hujibiwa kwa sentensi nyingine ya aina hiyo hiyo. Niliwahi kukataliwa tangazo la mafuta ya nywele kwa maelezo kwamba linahusu afya, na hadi leo nadhani kisa kilikuwa neno "tiba" lililokuwa ndani ya jina la bidhaa. Mlango uliofungwa wote ninauheshimu zaidi kuliko ule unaofunguka nusu: TikTok ilipopiga marufuku matangazo ya virutubisho vya kupunguza uzito mwaka 2020, na Pinterest, mtandao wa picha, ilipozuia matangazo yote ya kupunguza uzito mwaka 2021, angalau kila mtu alijua asipoteze muda wake pale.

Kuhusu kumwambia mteja kwamba unalipwa, sioni sababu ya mjadala. Amazon inawataka washirika wake waandike wazi kwamba wanapata kipato kutokana na manunuzi, na hapa Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji bila kujali kama upotoshaji umefanywa dukani au kwenye simu. Wateja wangu hata hawasubiri sheria. Swali la pili au la tatu kwenye ujumbe ni lile lile kila siku: "Dada, hii ni yako au unauzia watu?" Nilikuwa nalikwepa. Sasa nimeliandika jibu ndani ya tangazo lenyewe, kwamba duka si langu na nikifanikisha mauzo ninapata kamisheni, na maswali ya namna hiyo yamepungua.

Akaunti ile haikurudi. Nilianza upya na bidhaa za kuchosha, vyombo vya jikoni na taa za sola, ambazo kamisheni yake ni ndogo na ambazo hakuna anayeziwekea picha ya kabla na baada. Kabla ya kuomba kiungo kwa kampuni yoyote, ninaomba kwanza anwani ya ofisi yao, kibali cha bidhaa kama ni ya kula au kupaka, na ahadi ya maandishi kwamba nitaarifiwa siku moja kabla ukurasa haujabadilishwa. Wengi hunipa mawili ya kwanza bila shida. Lile la tatu huwaudhi. Wiki iliyopita meneja wa kampuni moja ya vipodozi aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mawinga wenye maswali, kwamba wanabadilisha ukurasa wao kila wanapojisikia na kwamba kuna vijana mia wanaosubiri kiungo hicho bila kuuliza chochote. Nikamshukuru, nikakata simu, na jioni ile ile nikaliona tangazo lao likipita kwenye simu yangu kupitia kiungo cha kijana mwingine, na saa ikihesabu pembeni.