Punguza saini kwanza, programu baadaye

Kampuni nyingi za hapa Dar zikiamua kuachana na makaratasi huanza na kikao cha kuangalia programu. Muuzaji anakuja na kompyuta yake, anaonyesha skrini zenye rangi nzuri, mkurugenzi anaitikia kwa kichwa, na baada ya muda mfupi mkataba umesainiwa. Hakuna aliyeuliza ombi la masurufu, yaani fedha za safari, la dereva anayekwenda Tunduma hupita kwa nani na nani, wala hukwama wapi.

Msimamo wangu ni huu: mfumo wa kupitisha kazi za ofisi uanze kwa kupunguza saini. Ukichukua saini zote za kwenye karatasi ukazihamishia kwenye mfumo, utacheleweshwa vilevile, ila sasa utakuwa unalipia leseni kila mwezi, tena mara nyingi kwa dola.

Chukua hiyohiyo fomu ya masurufu. Dereva anaomba posho, hela ya maegesho na akiba ya dharura njiani. Chini ya fomu kuna mistari ya msimamizi wa magari, mkuu wa idara, mhasibu, mkaguzi wa ndani na meneja. Kaa na kila mmoja wao mezani kwake, umuulize: kabla ya kusaini, wewe unaangalia nini? Msimamizi wa magari atakwambia anajua gari liko wapi na safari ni ya siku ngapi. Mhasibu atasema anaangalia kama risiti za masurufu ya safari iliyopita zimerejeshwa. Hao wana kazi ya kufanya. Kwa mkuu wa idara jibu mara nyingi ni "naangalia kama msimamizi ameshasaini". Meneja naye anaangalia kama mhasibu amesaini. Mkaguzi wa ndani, kama ni mkweli, atakwambia hapaswi kuwepo hapo kabisa, kwa sababu atakuja kukagua malipo ambayo yeye mwenyewe aliyapitisha.

Kwa hiyo fomu ina saini mbili za kazi, zilizobaki ni za heshima. Na za heshima ndizo ngumu kuondoa, maana mtu huona umemnyang'anya cheo. Dawa yake ni kumpa taarifa badala ya idhini: mkuu wa idara aone orodha ya masurufu ya wiki nzima na ahoji anachotaka, lakini dereva asimsubiri yeye ndipo aondoke. Meneja abaki na maombi makubwa tu. Kiwango cha "kubwa" kiwekwe kwa maandishi na mkurugenzi mwenyewe, si na kijana wa TEHAMA anayejaza visanduku usiku wa kuamkia uzinduzi wenye fulana na keki.

Jambo la pili ni kaimu. Kwenye karatasi tulishalimaliza zamani: bosi akisafiri, barua ya kukaimisha inatoka, na anayekaimu anasaini "kny" (kwa niaba ya). Kwenye mfumo watu wanalisahau. Bosi anapanda ndege kwenda Dubai, maombi yanarundikana kwenye akaunti yake, na siku ya tatu anampigia katibu muhtasi simu kumtajia nywila yake. Kuanzia dakika hiyo kumbukumbu zote za nani aliidhinisha nini hazina maana tena. Programu nyingi za kazi hii zina sehemu ya kukaimisha mtu kwa tarehe maalumu. Ijaribuni kabla ya kitu kingine chochote, na muijaribu kwa akaunti ya mkurugenzi mwenyewe.

Nywila huvuja pia kwa sababu ya ubahili. Leseni inalipiwa kwa kila mtumiaji, basi stoo nzima inapewa akaunti moja. Siku mzigo ukipotea, mfumo utaonyesha kwamba "stoo" ndiyo iliyoutoa. Kama bajeti haitoshi watu wote, ni heri kuanza na idara moja ambayo kila mtu wake ana akaunti yake.

Halafu kuna WhatsApp, na hapa ndipo mifumo mingi inafia. Ombi liko kwenye mfumo, lakini mwombaji anamwandikia bosi pembeni: "Shikamoo bosi, naomba unisaidie lile la leo." Bosi anajibu "sawa", mhasibu anatumiwa picha ya hiyo "sawa", analipa. Wiki ijayo nani atahangaika kujaza fomu? Kupiga marufuku hakusaidii, kwa sababu dharura zipo kweli: tairi limepasuka Mikumi na dereva hawezi kukesha porini akisubiri utaratibu. Mpango mzuri unaiwekea dharura njia yake ndani ya mfumo. Msimamizi mmoja anaruhusu papo hapo, mwisho kiasi fulani, na maelezo yanajazwa kesho yake. Mhasibu naye apewe nguvu ya kukataa picha ya WhatsApp, hata ikitoka kwa mkurugenzi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hakuna programu inayoweza kulifanya kwa niaba yako.

Tuna mfano mzuri nyumbani. Control namba za malipo ya serikali, zilizoanza kusambaa kuanzia 2017, zilifanikiwa kwa kuwa dirisha la fedha taslimu lilifungwa. Namba inabeba deni ni la nani na ni kiasi gani, unalipa kwa simu au benki, basi. Pale ofisini, sheria ikiwa "mfumo, lakini na karatasi pia", karatasi itashinda. Kipindi cha kutumia vyote viwili kiwe na tarehe ya mwisho, na siku hiyo kitabu cha fomu kifungiwe kabatini.

Mtu atasema wakaguzi wa nje wanataka karatasi yenye saini ya kalamu. Waulizeni wenyewe, mapema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua saini za kielektroniki, na mara nyingi mkaguzi anachotaka ni kuona nani aliidhinisha, lini, na kwa kiambatanisho gani.

Kuhusu mafunzo sina mengi. Watu waliojifunzia M-Pesa kwenye *150*00# hawakuitiwa semina hotelini. Maneno ya kwenye skrini yakisema "Linasubiri kwa mhasibu tangu Jumanne", dereva ataelewa. Yakisema "Pending Level 2", atapiga simu kuuliza, na simu hizo ndizo mlizotaka kuzipunguza.

Muuzaji akija, basi, msimwache aonyeshe mfano wake wa likizo ya mfanyakazi wa kufikirika. Mpeni kesi yenu yenye matatizo: masurufu ya Tunduma, risiti moja imepotea, safari imeongezeka siku mbili, meneja yuko nje ya nchi na kaimu wake anaumwa. Mwambieni aipitishe yote mbele yenu, kwa simu ya dereva, kwa bando la kawaida.