Zabuni za Jiji: New York Inatangaza Malipo, Nyumbani Tunatangaza Zabuni Tu

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya walioko New York, mtu akiuliza namna ya kupata kazi za serikali ya jiji, jibu huja haraka: zabuni zina wenyewe. Kauli hiyo tumetoka nayo nyumbani, na nyumbani ina sababu zake. Huku inatunyima riziki. Bajeti ya Jiji la New York inazidi dola bilioni 100 kwa mwaka, na ndani yake kuna usafi wa majengo, uchapishaji, usafirishaji, chakula, ukarabati mdogo na tafsiri, kazi ambazo ndugu zetu wanazifanya kila siku kwa wateja binafsi.

Nionavyo, tunapolinganisha huku na nyumbani tunakosea mahali pa kutazama. Tangazo la zabuni siku hizi liko wazi kote. Kwetu Tanzania mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, NeST, umechukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, tangu mwaka wa fedha 2023/24, na mtu aliyeko Sumbawanga anaweza kuliona tangazo la Jiji la Dodoma saa ileile anayoliona mtu wa Dodoma. Tofauti kubwa iko kwenye malipo. New York inamwonyesha yeyote, hata asiye na kampuni, nani alilipwa, kiasi gani na tarehe ipi. Anayejua kuzisoma taarifa hizo huanza kuitafuta zabuni miezi mingi kabla haijatangazwa.

Tovuti yenyewe ni Checkbook NYC. Inaendeshwa na ofisi ya Comptroller, mdhibiti wa fedha wa jiji anayechaguliwa kwa kura, na kuisoma hakuhitaji akaunti wala nywila. Chagua idara, ingia kwenye mikataba inayoendelea, tafuta kazi unayoifanya. Utaona jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kwisha, thamani ya awali, thamani ya sasa baada ya marekebisho, na fedha iliyokwisha kulipwa. Ukiendelea kubonyeza unafika kwenye malipo moja moja. Tafuta mkataba unaokwisha ndani ya miezi 9 hadi 15 ijayo. Gawanya thamani kwa idadi ya miezi na utapata bei ambayo jiji limezoea kulipa. Thamani ya sasa ikiwa juu sana ya ile ya awali, kazi imeongezeka njiani, na pengine idara itaigawa itakapoitangaza upya. Malipo yakiwa yamesimama miezi kadhaa, kuna tatizo, na ni heri ulijue kabla hujatoa bei.

Hatua inayofuata ni kumpigia ofisa mkuu wa mikataba wa idara hiyo, ambaye huku huitwa ACCO. Usimwulize kama kuna kazi. Mtajie namba ya mkataba, umwulize kama una kipengele cha kuongezewa muda, kama utatangazwa upya, na kwa njia gani ya ununuzi. Ni maswali halali kabisa na hujibiwa, mradi zabuni haijatangazwa. Ikishatangazwa, maswali yote hupita kwa mtu mmoja aliyetajwa kwenye nyaraka, na kumzunguka kunaweza kukuondoa kwenye mchakato. Chai hapa haina nafasi. Kanuni za maadili za jiji zinamkataza mtumishi kupokea zawadi ya thamani ya dola 50 au zaidi kutoka kwa kampuni inayofanya biashara na jiji.

Wengi husema uwazi huu ni tabia ya Wazungu. Historia haisemi hivyo. Gazeti rasmi la jiji, The City Record, lilianza mwaka 1873, baada ya genge la mwanasiasa William Tweed kuifuja hazina ya jiji kupitia ujenzi wa jengo la mahakama ambalo bado lipo nyuma ya ofisi ya meya. Mpiga lipu mmoja aliripotiwa kulipwa zaidi ya dola 133,000 kwa kazi ya siku mbili. Watu waliibiwa, wakakasirika, wakalazimisha matangazo yachapishwe. Gazeti hilo hutoka kila siku ya kazi hadi leo, na kwenye intaneti kulisoma ni bure.

Sasa usajili. Jiji linatumia mfumo uitwao PASSPort. Kufungua akaunti ni kazi ya siku moja ukiwa na namba ya mlipa kodi ya kampuni na nyaraka za uandikishaji. Kosa la kwanza la wengi ni kuchagua misimbo ya bidhaa na huduma kwa haraka. Mwenye kampuni ya usafi anachagua msimbo mmoja wa usafi wa ofisi, halafu anashangaa hapati mialiko ya kuosha madirisha, kusugua sakafu au kusafisha baada ya ujenzi. Kompyuta inaalika kwa msimbo, kwa hiyo chagua yote unayoweza kuifanya kweli. Mikataba yako ya miezi 12 ikizidi jumla ya dola 250,000 utajaza pia dodoso refu kuhusu wamiliki na wakuu wa kampuni, madeni ya kodi na kesi. Lijaze mapema. Walioliacha hadi siku ya kushinda wamechelewesha mikataba yao wenyewe. Na ujue kwamba baadhi ya mashirika ya jiji, kama lile la nyumba za umma, NYCHA, yana mfumo wao wa usajili.

Viwango vya ununuzi ndivyo vinavyoamua pa kuanzia. Ununuzi wa bidhaa au huduma usiozidi dola 20,000, au dola 35,000 kwa ujenzi, hauhitaji mashindano rasmi. Ofisa hununua kwa bei anayoona ni ya haki. Juu ya hapo hadi dola 100,000, idara hualika kampuni 5 zilizotolewa na kompyuta bila upendeleo pamoja na nyingine 10 zenye cheti cha M/WBE, yaani kampuni zinazomilikiwa na wanawake au makundi ya wachache. Kisha kuna njia ambayo watu wetu wengi hawaijui: idara inaweza kununua kwa kampuni yenye cheti hicho bila mashindano rasmi hadi dola 1,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023.

Mwafrika mweusi anahesabika kwenye cheti hicho. Masharti ni kwamba asilimia 51 au zaidi ya kampuni imilikiwe, isimamiwe na kuongozwa na raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani anayetoka kwenye makundi hayo, na kampuni iwe imefanya kazi angalau mwaka mmoja. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi ya ukimbizi hapati cheti, ingawa hakuna kinachomzuia kushindania zabuni za kawaida. Maombi mengi hukwama kwenye kuongoza, siyo kwenye kumiliki. Wakaguzi wanauliza nani anasaini hundi, nani anaajiri, nani anaijua kazi. Mke akiandikwa mmiliki huku akaunti ya benki iko kwa jina la mume peke yake, maombi yanarudi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kukaa kwenye hizo kazi za chini ya dola 20,000 kwa mwaka mzima. Zinakupa rekodi ya utekelezaji, na idara zikiona rekodi hiyo haziogopi sana kukupa kazi kubwa. Njia nyingine nzuri ni kuwa mkandarasi mdogo chini ya kampuni kubwa yenye mkataba. Kwenye kazi za ujenzi wa umma sheria ya jimbo inamtaka mkandarasi mkuu akulipe ndani ya siku 7 tangu alipwe yeye.

Mambo mawili yanaua kampuni ndogo zikishashinda. La kwanza ni bima. Mkataba wa kawaida utadai bima ya dola milioni 1 kwa tukio na milioni 2 kwa jumla, na Jiji la New York, pamoja na maofisa na wafanyakazi wake, liandikwe kama mwenye bima wa nyongeza, yaani nalo lilindwe na bima hiyo. Karatasi ya wakala inayosema tu kwamba bima ipo haitoshi. Jiji hutaka nyongeza yenyewe ya mkataba wa bima, au uthibitisho wa wakala uliosainiwa mbele ya mthibitishaji. Jina la jiji likikosewa neno, karatasi inarudi na wiki mbili zinapotea.

La pili ni mishahara. Kwenye usafi na ulinzi wa majengo ya umma, sheria ya kazi ya jimbo, kifungu cha 230, inaweka kima maalumu cha mshahara na marupurupu kwa mikataba inayozidi dola 1,500, na kwa New York jedwali lake hutolewa na Comptroller. Kima hicho kiko juu sana ya kima cha chini cha kawaida. Anayepiga bei kwa kima cha kawaida atashinda kwa sababu ni wa bei ya chini, kisha atadaiwa tofauti yote, na riba juu yake.

Fanya hesabu kabla ya kusaini. Tuseme wasafishaji 4, saa 40 kwa wiki, dola 30 kwa saa kabla ya marupurupu. Hiyo ni dola 4,800 kwa wiki. Sheria ya New York inataka wafanyakazi wa kazi za mikono walipwe kila wiki. Kazi ikianza Septemba mosi, ankara unapeleka Oktoba mosi, na jiji lina siku 30 za kulipa tangu lipokee ankara iliyo sahihi. Mpaka mwisho wa Oktoba umelipa mishahara ya wiki 8, yaani dola 38,400, kabla hujaona senti ya jiji, na bado hujanunua sabuni. Ankara yenye namba ya mkataba isiyo sahihi, au isiyoambatana na karatasi ya saa iliyosainiwa na msimamizi wa jengo, haiianzishi hata hiyo saa ya siku 30.

Hapa ndipo New York yenyewe inastahili lawama. Jiji haliwezi kulipa mkataba ambao haujasajiliwa na Comptroller. Yeye ana siku 30 kisheria, lakini kabla ya kumfikia faili hupita idarani, kwa wanasheria na kwenye ofisi za usimamizi, na safari hiyo inaweza kula miezi. Mashirika yasiyo ya faida yanayohudumia wazee na wasio na makazi yamezoea kuanza kazi kabla mikataba yao haijasajiliwa. Ipo mikopo ya riba nafuu kupitia idara ya biashara ndogo, SBS, nayo iombwe mara unapopata barua ya ushindi, siyo akaunti ikiwa tupu.

Nyumbani, hatua za kuingia kwa kweli zimekuwa rahisi. NeST inasomana na TRA ya kodi, BRELA ya usajili wa kampuni na NIDA ya vitambulisho, kwa hiyo nyaraka nyingi tulizokuwa tukizipiga mihuri sasa zinathibitishwa humohumo. Mpango wa manunuzi wa mwaka unaonekana, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, sawasawa na wa New York. Asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na nyenzo hiyo ni kubwa kuliko tunavyoisifu. Wazabuni bado wanaangushwa na mambo madogo: hati ya uwakilishi isiyoshuhudiwa na wakili, bei isiyoeleza kama VAT imo, au kusahau kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma, inayokatwa kabla fedha haijakufikia. Aliyeweka faida ya asilimia 6 kwenye kazi ya huduma hujikuta fedha mkononi imebaki ya nauli, hata kama kodi hiyo itakuja kuhesabiwa kwenye ritani yake.

Baada ya LPO, yaani hati ya oda ya serikali, kutoka, giza linaingia. Mzabuni amepeleka madawati, amesainiwa hati ya kupokea, na kuanzia hapo anafuatilia malipo kwa miguu, ofisi hadi ofisi. Hajui kama ni yeye peke yake anayecheleweshwa. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutuonyesha malimbikizo kila Aprili, lakini ni ya mwaka ulioisha Juni iliyotangulia, na wakati huo deni analodai mzabuni limekwisha kuzeeka. Kenya imetangulia kidogo: Msimamizi wa Bajeti hutangaza madeni ya kaunti zote 47, na Nairobi imekuwa ikiongoza. Ni jambo jema, japo kujua jumla hakumsaidii mama mwenye kikundi cha lishe kujua ankara yake iko kwa nani.

Ucheleweshaji huo ndio unaowabakiza wenye mitaji mikubwa. Mtu wa kawaida anakopa kwa riba ili atimize LPO, analipwa baada ya miezi minane, faida yote imeliwa na benki, na mwaka unaofuata hashiriki. Wanaobaki ni walewale, nasi tunasema zabuni zina wenyewe.

Taarifa za kuondoa giza hilo zipo tayari. Zabuni na mikataba viko NeST, malipo ya halmashauri yanapita MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa umma wenye namba ya mkataba, jina la mzabuni, tarehe ankara ilipopokelewa, kiasi, na tarehe ya malipo. Waanze na majiji sita: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga, kwa mikataba yote inayosainiwa kuanzia Julai mosi ijayo.