Anzeni na wale walioketi mezani

Vikundi vya maigizo vya mitaani huku Uingereza vinapenda sana kuigiza nyumba za kazi, zile ambamo maskini wa enzi za Malkia Victoria walipewa uji na kitanda kwa masharti ya kumvunja mtu moyo. Navipongeza. Anayecheza ni muuza duka, mwalimu mstaafu, kijana wa shule, na baadhi yao wana mababu waliopitia humo. Kinachonikera ni kwamba, karibu katika kila mchezo niliouona, uovu wote anabebeshwa msimamizi mmoja mwenye fimbo na sauti ya radi. Watazamaji wanamzomea weee, kisha wanakwenda zao nyumbani roho kwatu.

Ukali ule ulipangwa, tena na wasomi. Sheria ya Maskini ya 1834 ilisimama juu ya hesabu moja: maisha ya ndani yawe duni kuliko ya kibarua fukara kabisa aliye nje, ili asibishe hodi ila yule aliyefikwa na njaa kooni. Ndiyo maana mume alipelekwa kwake, mke kwake, watoto kwingine. Nyumba ya kazi ya Southwell, Nottinghamshire, iliyojengwa 1824, kabla hata ya sheria hiyo, bado ipo na watu huitembelea. Nyua zake zimetengwa kwa kuta ndefu, mtu na mkewe wasionane.

Au chukua nyumba ya kazi ya mji wa Andover. Wanaume walipewa kazi ya kuponda mifupa ya wanyama iwe mbolea. Mwaka 1845 ikabainika kwamba walikuwa wakiigombania ile mifupa wafyonze uboho na kuguguna masazo ya nyama iliyooza. Msimamizi wao, Colin M'Dougal, simtetei hata kidogo. Lakini kuponda mifupa hakukubuni yeye. Nyumba nyingine pia zilikuwa na kazi hiyo. Kashfa ilipofika Bungeni, ikaiangusha hata tume ya London iliyokuwa ikisimamia mfumo mzima, ikavunjwa 1847.

Ningekuwa mimi, ningefungua pazia kwenye mkutano wa bodi iliyoendesha nyumba ya kazi. Watu wa heshima zao, chai mezani, wanajadili mkate wa mtu mzima upimwe wakia ngapi. Nafasi hizo wapewe wanaopendwa zaidi mtaani, kama yule mama wa keki za harambee, asome orodha ya chakula kwa upole wake uleule.

Kisha kazi ya kamba. Waigizaji waketi wachambue kamba kuukuu za meli kwa vidole, uzi kwa uzi, zile nyuzi za kutilia kalafati, yaani kuzibia nyufa za meli, dakika tano nzima, bila muziki wala neno. Waongozaji wanahofia watazamaji watachoka. Waacheni wachoke!

Msimamizi naye mpunguzieni maneno. Fimbo abaki nayo, ila aingie jukwaani baada ya mkutano kufungwa na vikombe kuondolewa.