Umri wa gari wahesabiwa bandarini, breki zasahauliwa barabarani

Kila Januari, wanaoagiza magari ya mtumba Kenya hupiga hesabu upya. Kiwango cha KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), hakiruhusu gari lililofikisha miaka minane tangu mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2025 Mombasa ilipokea yaliyoandikishwa kuanzia 2018 tu. La 2017, hata likiwa halina mkwaruzo, lilikuwa limeshapitwa.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja nzito. Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na gharama za ukaguzi huo huwasukuma wengi kuuza mapema. Bila kikomo, yaliyochokwa kule yangemiminika huku. Tena umri ni kipimo kisichobishaniwa: afisa anasoma tarehe kwenye cheti, basi. Pale uamuzi unapotegemea jicho la mkaguzi ndipo maneno ya "tuelewane" huanza. Kwangu mimi hiyo ndiyo nguvu kubwa ya sheria hii, kuliko hata hoja ya kupunguza moshi wa magari makuukuu.

Lakini tarehe haijui gari lilitunzwaje. Toyota Probox ya miaka saba iliyoshindiliwa mizigo kutwa kucha inapita. Ya miaka tisa iliyokuwa ikitoka Jumapili tu inakataliwa. Muuguzi anayejinyima apate gari lake la kwanza ndiye anayeibeba tofauti ya bei kati ya gari kuukuu na la karibuni. Majirani wamechagua njia nyingine: Uganda, tangu marekebisho ya sheria ya 2018, huzuia yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na Tanzania huyaruhusu makuukuu ila kwa ushuru wa ziada.

Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata baada ya bandari. Gari lililoingia na miaka saba litabadilisha wenyewe mara nne, litapita gereji za jua kali kadhaa, na pengine litafika miaka 25 likiwa barabarani. Matatu na malori hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Gari binafsi laweza kukaa miaka na miaka bila mtu kuinama kutazama breki zake. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza magari binafsi yaliyopita miaka minne nayo yakaguliwe, na wengi wakaona ni tozo nyingine tu. Siwalaumu, wamelipishwa mengi bila kuona faida.

Hata hivyo naunga mkono ukaguzi huo, kwa masharti: ada iwe ndogo, vituo vifike hadi Turkana na Lamu, na gari likishindwa, mwenyewe apewe muda wa kulitengeneza kabla ya faini. Ukikita mizizi, miaka minane inaweza kulegezwa hadi kumi. Kabla ya hapo, sitaomba ilegezwe hata kwa mwezi mmoja.